Mjadala: Je, Umm Kulthum alikosea kuipa sinema kisogo?

Hoja iliyowekwa mezani na ndugu yetu mmoja ni kwamba Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alijipunguzia umaarufu alipoacha kuigiza baada ya filamu ya Fatma ya mwaka 1947, kwa kuwa redio humpa msikilizaji sauti tu, ilhali sinema humpa sauti na sura. Kwa heshima zote, siafiki.

Filamu zake ni 6 tu, kuanzia Widad ya mwaka 1936. Redio ya taifa ya Misri ilikuwa naye tangu ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1934, na tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi lilisikika hewani kwa miongo kadhaa. Katika sinema wimbo hauna budi kuisha ili kisa kiendelee. Katika tamasha, wimbo mmoja waweza kuchukua saa nzima. Isikilizeni Inta Omri ya mwaka 1964: ala zinatangulia kwa dakika kadhaa, gitaa la umeme likiwemo, kabla hajafungua kinywa, kisha anaushika mshororo mmoja, anaurudia, kila mara akiupinda kidogo, ukumbi unalipuka kwa "Allah!", naye anaurudia tena kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mhariri gani wa filamu angeyaacha hayo bila kuyakata?

Nakiri kwamba hakuondoka kwa sababu za usanii peke yake, kwani alisumbuliwa na maradhi, na taa kali za studio ziliyatesa macho yake. Nakiri pia kwamba Sallama ya mwaka 1945 ni filamu tamu. Hata hivyo, utamu wake umo katika nyimbo, na nyimbo hizo mtu huzifaidi hata akiwa amefumba macho.

Wapenzi wa taarabu ya Unguja, ambako vikundi kama Ikhwani Safaa vilichota mengi kutoka Misri, hawahitaji maelezo marefu: anayeinuka kwenda kutunza huinuka pale mshororo unaporudiwa, si pale unapoimbwa mara ya kwanza. Basi ndugu yetu na atuonyeshe, katika filamu hizo 6, ni wapi Umm Kulthum alipewa nafasi ya kurudia hadi watu wakainuka vitini.