Msaada: nahamishaje ua refu kunizidi bila kuliua?

Mgeni_Iowa: Wakuu, niko Iowa. Kuna ua la njano, Silphium laciniatum, lile linaloelekeza majani kaskazini na kusini. Majani mapana, yamekumbatia shina, mvua ikinyesha yanabaki na maji. Nataka kulihamishia nyumbani Jumamosi hii. Nichimbe kina gani?

MamaMbegu: Otesha mbegu. Vichwa vikishakuwa vya kahawia, chukua zile bapa za ukingoni, chini ya petali. Za katikati ni tasa. Changanya na mchanga wenye unyevu, weka kwenye friji miezi miwili, kisha fukia sentimita moja. Au panda Novemba, baridi ifanye kazi yenyewe.

Mgeni_Iowa: Litachanua lini?

MamaMbegu: Miaka mitatu ukibahatika.

Mgeni_Iowa: Mingi hiyo, dada. Pikapu nimeshaazima.

Mzee_Kejeli: Ua lenyewe huishi miongo. Liandike kwenye wosia.

UdongoMweusi: Mzizi mkuu wa laciniatum hushuka hata mita nne. Ukiukata nusu mita kwenye joto la Julai, majani yatapoteza maji kuliko mzizi uliobaki unavyoweza kuvuta. Ndani ya siku chache limenyauka. Halafu hujasema: liko kwa nani?

Mgeni_Iowa: Si kwa mtu. Kando ya barabara. Ila huwa wanafyeka, kwa hiyo mimi naliokoa.

UdongoMweusi: Likifyekwa huchipua tena kutoka mzizini. Hiyo ni ardhi ya umma, hata mbegu uombe ruhusa ofisi ya kaunti.

Mzee_Kejeli: Mwizi wa kuku naye huwa anamwokoa na mwewe.

PembeNne: Hii chai. Majani ya laciniatum yamechanika sana, hayawezi kushika maji. Hilo ua umeliona kweli? Shina ni la duara lenye vinywele, au lina pembe nne?

Mgeni_Iowa: Pembe nne. Picha naleta jioni.

PembeNne: Basi kama lipo, ni ndugu yake, Silphium perfoliatum. Hilo, likiwa changa, hugawanywa machipukizi yakianza kutokeza mwanzoni mwa masika. Kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake. Udongo wenye unyevu, jua kamili, mita moja kati ya mashina. Kata vichwa kabla mbegu hazijadondoka, la sivyo litajaa kila kona.

MamaMbegu: Za perfoliatum nazo zinataka friji vilevile.

Mgeni_Iowa: Mita moja naipata nikitoa nyanya. Ruhusa ya kaunti lazima iwe ya maandishi?