Saa ya Mjomba: Submariner au Seamaster

Mjomba: Mbukwenyi, ndugu zangu. Fedha ya zabibu imeingia, na nikiichanganya na akiba yangu ya miaka kumi na miwili, naweza sasa kununua saa moja nzuri ya mkononi kabla sijastaafu. Nimebakiza mbili: Rolex Submariner isiyo na tarehe, na Omega Seamaster Diver 300M. Naomba maoni yenu, na kama Babu Mwalimu alivyoagiza, yaandikwe kwa sentensi kamili.

Babu Mwalimu: Nashukuru kwa kulikumbuka agizo. Tuelezeni kwanza tofauti yake, kwa maana picha ulizotuma zinaonyesha saa mbili nyeusi zinazofanana kama mapacha.

Mimi: Shikamoo Babu, shikamoo Mjomba. Zote mbili ni saa za wapiga mbizi, na zinahimili maji hadi mita 300, kina ambacho Bwawa la Hombolo halikikaribii hata kidogo, kwa hiyo hilo tuliache. Tofauti imo ndani. Zote hujitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono, lakini ukizivua zikiwa zimejaa, Submariner huendelea kutembea kwa saa 70 hivi, na Seamaster kwa saa 55. Kwa usahihi, Rolex huahidi kutozidi sekunde mbili mbele au nyuma kwa siku, na Omega huahidi kutochelewa kabisa, ila inaweza kukimbia hadi sekunde tano.

Mama Mdogo: Hizo saa 70 na 55 ndizo zinazonihusu mimi niishiye naye. Mjomba wenu huivua saa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akaitundika kwenye msumari, akaenda shambani, na haigusi tena mpaka Jumatatu saa moja asubuhi. Hesabuni wenyewe.

Mimi: Ni saa 61, Mama Mdogo. Submariner ataikuta inatembea, na Seamaster itakuwa imesimama tangu saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu.

Dada: Basi shauri limekwisha, achukue Rolex.

Kaka wa Dubai: Halijakwisha, Dada. Jana nimezivaa zote mbili dukani huku. Submariner niliyopewa ni ya maonyesho tu. Anayeitaka huandikisha jina na kusubiri, tena hakuna aliyeniambia nitasubiri hadi lini. Seamaster ningeweza kutoka nayo siku hiyohiyo, na bei yake ni ya chini. Sitaficha kwamba mkononi Submariner ilinikaa vizuri zaidi: ni nyembamba kidogo, na kifungo cha mkanda wake huongezwa urefu kidogo kidogo bila kutumia kifaa chochote, jambo ambalo kwa joto la huku linamfaa mtu ambaye mkono humvimba mchana. Seamaster ina uso wenye mawimbi yaliyochongwa, na mgongo wa kioo unaoonyesha mashine ikifanya kazi. Ina pia vali ya kutolea gesi ya heli, iliyowekwa kwa ajili ya wapiga mbizi wanaoishi siku nyingi katika vyumba vya mgandamizo. Kwa Mjomba itakuwa kifundo cha kukwaruza mkono wa shati.

Mjomba: Umenifurahisha, mwanangu. Lakini hakuna aliyeniuliza nafanya kazi wapi. Mimi nashinda kwenye mota za pampu za visima, na saa yangu ya zamani ilianza kukimbia robo saa kwa siku. Fundi alinionyesha kwamba springi yake, nyembamba kama unywele, ilikuwa imeshikwa na sumaku, mizunguko yake ikagandana. Je, hizi mbili zinasemaje juu ya sumaku?

Mimi: Hapo ndipo Omega inaposhinda, Mjomba. Saa hiyo hupimwa na taasisi ya vipimo ya Uswisi, METAS, kwenye sumaku ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na lazima iendelee kwenda sawasawa. Springi ya Rolex nayo imetengenezwa kwa madini yasiyoshikwa kirahisi na sumaku, lakini kampuni haitangazi kipimo kama hicho kwa Submariner.

Mjomba: Basi nimeelewa. Saa iliyosimama naitia ufunguo mwenyewe huku chai inapoa, lakini iliyoshikwa na sumaku inanipeleka kwa fundi.

Mama Mdogo: Na tarehe je? Hiyo Omega ina tarehe, na wewe husahau hata ya mwezi.

Mimi: Ikisimama saa saba usiku, Mama Mdogo, tarehe ya Jumatatu itakuwa imekwisha kubadilika. Ataisogeza mishale tu.

Babu Mwalimu: Hesabu hiyo nimeipitia, ni sahihi.

Mjomba: Kaka wa Dubai, nichukulie Seamaster, nyeusi, yenye mkanda wa chuma, na risiti uitunze kwa ajili ya forodha.

Kaka wa Dubai: Sawa, Mjomba. Nipimie mzunguko wa mkono wako, wapunguze mkanda hukuhuku.

Mama Mdogo: Nimempima kwa futi ya cherehani: sentimita 18 na nusu. Nimempima mchana, mkono ukiwa umevimba.