Mahomes alikosa ukuta kweli, au ni kisingizio?

Nyali_Kwetu
Habari za usiku wakubwa. Futiboli ya Kimarekani nimeanza kuifuata juzijuzi, binamu yangu wa Dallas ndiye aliyenifundisha sheria kwa simu. Februari 2025 niliamka saa nane na nusu usiku kuangalia Super Bowl, fainali ya ligi yao. Eagles wakawatandika Chiefs 40 kwa 22, Mahomes, kwotabeki wao (yule anayerusha mpira), akaangushwa mara 6 kabla hajaurusha. Binamu anasema ukuta, yaani wale watano wanaomlinda kwotabeki, haukuwa na mlinzi wa pembeni kushoto, Chiefs wakamhamishia pale gadi wao, yule wa ndani anayepakana naye, na mambo yakaishia hapo. Mimi naona ni kisingizio. Timu yenye pesa zile inakosaje mtu mmoja wa kusimama na kusukuma? Na yule kocha wa ukuta wa Eagles aliyesifiwa kila siku, alikuwa anafundisha nini hasa?

MtuWaMwanza
Niko upande wako kaka. Burrow, kwotabeki wa Cincinnati, msimu wa 2021 aliangushwa mara 51, halafu mara 9 katika mechi moja ya mtoano kule Tennessee, na akashinda 19 kwa 16. Akafika fainali. Ukiwa na kwotabeki, hao wengine ni nyongeza.

Propu_Mstaafu
Ndugu Nyali, binamu yako yuko sahihi. Nivumilie niandike kirefu, maana jambo hili nalipenda.

Shuleni Kenya nilicheza raga, propu, yule wa mstari wa mbele kwenye skramu ya kusukumana. Sasa naishi Delaware, na kijana wangu wa miaka 16 ni gadi wa kushoto katika timu ya shule yao. Alipochaguliwa nilijua nitamfundisha mwenyewe, kwani kusukuma nakujua. Siku ya kwanza nikakaa pembeni nimwangalie kocha wao. Saa nzima hawakugusa mpira! Mzee alilaza ubao chini, mtoto anasimama mguu huku na huku ya ubao, anachuchumaa, halafu hatua moja. Inchi 6, basi. Rudi. Hatua, rudi. Ukikanyaga ubao unaanza upya. Kisha mikono: viwiko ndani, vidole gumba juu, kiganja kifike kifuani kwa mwenzako kabla chake hakijafika kwako. Jioni ile nilipombandua plasta, vidole vilikuwa vimevimba hadi kalamu ikamshinda.

Kwenye skramu mpinzani wangu nilimjua. Tumeshikana, refa anatupa amri, tunasukumana. Hawa hawajui nani anakuja. Mmoja anajifanya anavamia kisha anarudi nyuma, mwingine anazunguka mgongoni kwake. Gadi inabidi amkabidhi jirani mtu aliyekuwa naye na ampokee mgeni, bila neno, ndani ya sekunde mbili tatu. Wote watano waone kitu kimoja. Wanne wakipatia na mmoja akakosea, kwotabeki yuko chini.

Sasa pesa. Pesa inanunua watano, lakini msimu hauchezwi na watano. Fainali ya Februari 2021 Chiefs waliingia bila walinzi wao wote wawili wa pembeni: Schwartz mgongo, Fisher alikatika kano ya kisigino kwenye mechi ya kabla ya fainali. Wakamhamisha Remmers kutoka kulia kwenda kushoto. Mahomes alikimbia usiku kucha, Tampa Bay wakashinda 31 kwa 9, na Chiefs hawakuvuka mstari wa goli hata mara moja. Baada ya hapo wakaubomoa ukuta wakajenga upya: Thuney akasajiliwa, Orlando Brown akaletwa, Humphrey akachukuliwa raundi ya 2 ya drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, wanaotarajiwa zaidi huenda mapema), Trey Smith raundi ya 6. Februari 2023 wakakutana fainali na Eagles waliokuwa wameangusha makwotabeki mara 70 msimu huo. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, 38 kwa 35.

Halafu ile uliyoamkia wewe. Pembeni kushoto pamebaki shimo, Thuney, gadi hodari kabisa, akapelekwa kuliziba. Kwa macho ni hatua mbili kutoka alipozoea. Lakini gadi ana jirani kulia na kushoto, na mtu wa pembeni upande mmoja hana mtu, ni uwazi mtupu na jitu lenye kasi linakuja. Eagles hawakuhitaji hata kuongeza wavamizi.

Kuhusu kocha: Jeff Stoutland alifika Philadelphia 2013. Makocha wakuu wakabadilika, Kelly, Pederson, Sirianni, yeye akabaki hadi alipoondoka mapema 2026. Msimu wa 2017 Jason Peters, mlinzi wao wa pembeni kushoto, aliumia Oktoba, akaingia Vaitai, mtu wa raundi ya 5, na ndiye aliyesimama pembeni kushoto siku ya fainali wanaifunga Patriots 41 kwa 33. Mwaka 2018 wakamchukua raundi ya 7 Jordan Mailata, kijana wa raga kutoka Sydney ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu hata mechi moja. Miaka miwili yote hakucheza, anafundishwa tu. Nami kama mtu wa raga, huyo akinyanyua kombe nilitokwa na machozi. Becton naye alikuwa mtu wa pembeni katika timu nyingine, Eagles wakamgeuza gadi akawa bingwa.

Mtu wa akiba anatengenezwa na kocha, tena mapema. Mkataba wa ligi unaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa pedi, yaani kinga za mwili, katika msimu mzima wa kawaida, na bila pedi mtu wa ukuta hajifunzi kupigana. Hata ligi inalijua hili: siku ya mechi timu inaruhusiwa wachezaji 48 badala ya 47 endapo 8 kati yao ni wa ukuta.

Kwa kijana wangu niliyaona kwa udogo wake. Mwaka jana senta wao, yule wa katikati anayemrushia kwotabeki mpira nyuma kuanzisha mchezo, alivunjika kifundo cha mguu, na hakuna mtoto mwingine aliyekuwa amefundishwa kazi hiyo. Mipira mitatu ilipita juu ya kichwa cha kwotabeki. Walikuwa wanaongoza, wakafungwa.

MtuWaMwanza
Mzee umeeleza, ila 2020 umeiruka. Stoutland huyohuyo, na Wentz, kwotabeki wa Eagles, akaangushwa mara 50. Timu ikashinda mechi 4.

Propu_Mstaafu
Ni kweli, na iliniuma. Brandon Brooks kisigino, Dillard mkono, Lane Johnson kifundo, kila wiki watu wapya. Hakuna kocha anayehimili majeruhi wote hao. Lakini mwaka huohuo ndipo Mailata alipopata nafasi, kwa sababu Dillard wa raundi ya 1 aliumia, kisha Peters naye, na baadaye nafasi ikawa yake kabisa. Na Burrow wako, fainali ile alishindwa, Rams ndio walioshinda 23 kwa 20. Aliangushwa mara 7, na mpira wake wa mwisho wa maana aliurusha huku Aaron Donald wa Rams anamzungusha.

Nyali_Kwetu
Shikamoo mzee, hapa nimesoma mara mbili. Sasa nikiangalia mechi, niangalie wapi? Macho yangu yanafuata mpira tu.

Propu_Mstaafu
Marahaba. Mchague mmoja tu, Mailata ni namba 68. Mara kumi mfululizo usiutazame mpira, tazama miguu yake. Kisha njoo hapa utuambie ulichokiona. Mimi Ijumaa niko uwanjani kwa watoto, senta wa akiba sasa wamempata, kijana wangu hubaki naye kila jioni na ule ubao.