Mhariri anadai faili ghafi, kisa waya tu?

Picha_za_Busia: Habari zenu wakubwa. Juzi mvua iliponyesha, malori yalikwama hapa mpakani, upande wetu wa Uganda, hadi usiku. Nikampiga picha dereva akipika chai chini ya trela, mvuke umemfunika nusu ya uso. Tamu! Ila waya wa umeme ulikatiza kichwani pake, nikaufuta kwa simu. Programu ikajaza pengo yenyewe. Sasa gazeti moja limeirudisha, linadai faili ghafi, yaani picha kama ilivyopigwa, bila kuguswa. Waya tu jamani?

Dada_Lenzi, Jinja: Mdogo wangu, waya huo ulikuwepo. Ongeza mwanga, punguza pembeni, sawa. Kufuta kitu, hapana. Machi 2024 mashirika makubwa ya habari yaliiondoa picha ya Kate, mke wa mwanamfalme wa Uingereza, kisa kikiwa mkono wa sweta ya binti yake usiokaa sawa. Nao World Press Photo, waandaaji wa shindano la kimataifa la picha za habari, mwaka 2023 walitaka kuruhusu picha zilizotengenezwa kwa akili unde katika kundi moja la shindano. Wapiga picha wakachachamaa, waandaaji wakaghairi.

Mzee_wa_Filamu: Kamera ya Leica M11-P ya 2023 hutia muhuri wa kidijitali wa kuthibitisha asili ya picha palepale unapobonyeza. Bei yake sasa! Unanunua boda na chenji inabaki. Wewe tunza tu faili ghafi.

Picha_za_Busia: Asante dada, asante mzee. Nimewapelekea, na waya wake. Bado hawajajibu.