Safari ya gari hadi Kigali: kikundi cha familia, Kisumu

Aunti Rose: Hamjambo wote. Brenda na Otieno wanasema harusi ya Kigali wataenda na gari yao badala ya basi. Anko Wekesa ww ndo umepitisha malori huko miaka yote, waambie ukweli kabla hawajatia mafuta

Brenda: Aunti wacha wasiwasi, ni lami mwanzo mwisho. Busia, Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale alafu Gatuna. Anko nisaidie tu na makaratasi

Anko Wekesa: Sawa mwanangu. Logibuku halisi, ile hati ya umiliki wa gari, sio kopi, na kama benki bado inaishikilia ju ya loni itisha barua yao mapema. Inshuransi ya hapa inaishia Busia, ambia kampuni yako ikupee kadi ya njano ya COMESA, ndo inshuransi ya gari ya kuvuka mpaka, hiyo inakubalika Uganda na Rwanda. Alafu kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hicho ni kitu kingine kabisa, nacho beba. Nyinyi wakubwa kitambulisho kinatosha, nchi hizi tatu zilikubaliana hivyo tangu 2014

Brenda: Na Junia?

Anko Wekesa: Mtoto hana kitambulisho so mtafutie pasi ama kibali cha muda, inaombwa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Anza leo

Otieno: Asante Anko. Kuendesha nako sina shida, mm na barabara ya Nairobi tumezoeana

Anko Wekesa: Otieno nisikize vizuri hapa. Uganda wanaendesha kushoto kama sisi. Ukivuka Gatuna unahamia kulia. Na hatari haiko pale mpakani, hapo kila mtu yuko macho na kuna gari mbele yako unaifuata tu, hatari ni kesho yake asubuhi ukitoka kwa geti ya hoteli ama kwa petroli stesheni, barabara ni tupu, hakuna wa kumfuata, mkono unakupeleka kushoto wenyewe na hujui hadi uone mtu anakuja moja kwa moja usoni. Raundabauti unapinda kulia, na magari yaliyo ndani yanakutokea kushoto, kwa hivyo shingo igeuze huko kwanza

Anko Wekesa: Alafu kuovateki. Usukani wako uko kulia, na huko kulia ndio upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori la mafuta huoni chochote mbele, anayeona ni aliyekaa kushoto. Kwa hivyo Brenda usilale, ww ndo macho yake, mwambie bado, bado, sasa. Na hata akisema sasa, kama ni kona Otieno tulia nyuma ya lori. Gatuna hadi Kigali ni milima na kona juu ya kona

Aunti Rose: Mungu wangu. Si muache gari Kampala mpande basi

Anko Wekesa: Wanaweza Rose, bora wasikimbie na wasiingie Rwanda usiku. Taa za magari yetu zimeelekezwa kushoto, kule zinampiga macho anayekuja

Faith (Kigali): Mimi niko huku naongeza. Kasi ya juu kabisa ni 80, mjini ni chini ya hapo, na kamera ziko kila mahali, faini utalipa tu. Saa yetu iko nyuma ya Kenya na saa moja. Kingine, hiyo Jumamosi ya harusi ni ya mwisho wa mwezi, asubuhi ni umuganda, watu wote wako kazi ya jamii kuanzia saa mbili hadi saa tano saa za huku na magari hayatembei ovyo. Msije mkapanga kufika asubuhi hiyo!!

Brenda: Uuuwi, na tulikuwa tumepanga kuingia hiyo asubuhi

Faith (Kigali): Hapana, fikeni Ijumaa. Na mifuko ya plastiki msibebe, imepigwa marufuku huku tangu 2008 na pale mpakani wanakagua

Aunti Rose: Na omena yangu nimeshafunga kwa plastiki, kilo kwa kilo

Faith (Kigali): Aunti itoe uweke kwa kikapu ama mikebe tafadhali, nimeona watu wakimwaga vitu vyao hapo kwa meza

Otieno: Sawa nimeelewa. Basi tunatoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, tunalala Mbarara, Ijumaa tunavuka mchana. Kampala tunapita wapi?

Anko Wekesa: Msiingie mjini, mtakaa kwa foleni hadi jioni. Pale Bweyogerere shikeni Northern Bypass mtokee Busega, hapo mko barabara ya Masaka tayari. Kabla hamjatoka nitumie picha ya ile kadi ya njano niangalie kama Rwanda imewekewa alama