Baba anafungua mdomo kucheka mara sita na hacheki hata mara moja: mhariri huyu ametuumiza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Baba amestaafu. Sisi watoto tukakusanya picha na klipu, vipande 64, vingine vya zamani vimo kwenye kanda. Tukampa mtu anayejiita mhariri wa video, pesa yote tukatanguliza, na maelezo tukamwandikia: video ya dakika 3, wimbo anaoupenda mzee, na kuna klipu moja asiiguse. Ile mzee anacheka mpaka anajifuta machozi. Sekunde 11 tu.

Kilichorudi ni takataka. Kwenye zile sekunde 11 ameacha nusu sekunde, kisha akairudia rudia. Mzee anafungua mdomo, kicheko hakijatoka, limeshaingia gari linalotikisika na kumeremeta. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Biti ndiyo inavyotaka, kaka."

Wimbo wenyewe una mapigo 120 kwa dakika. Yaani pigo moja kila nusu sekunde, fremu 15 (zile picha moja moja zinazounda video) kwa video ya fremu 30 kwa sekunde. Ukikata kwenye kila pigo, dakika 3 zinataka mikato 360! Sisi tulimpa vipande 64, ndiyo maana kila kimoja kimerudi mara tano, mara sita. Hakuhariri huyu. Alizitupa klipu zetu kwenye templeti, yaani video iliyopangwa tayari unajaza picha tu, akabonyeza, akaenda kulala.

Na msiniambie mimi sijui muziki. Najua mkato ukiangukia pigo unapendeza. Lakini unachagua pigo lipi! Kiitikio kinapoingia, kata. Ngoma inaponyamaza, tulia na sura moja mpaka mtu aione. Mwaka 1929 Sergei Eisenstein, mwongozaji filamu wa Kisovieti, alishatenganisha kukata kwa kipimo kitupu cha urefu na kukata kwa kufuata kile kinachoendelea ndani ya picha yenyewe. Leo mtu anachukua pesa za watu na hajui kama kuna tofauti hiyo.

Halafu picha ya ukoo. Imepigwa kwa upana, 16:9, mzee katikati, wadogo zake huku na huku. Yeye ameisimamisha iwe 9:16 ijaze skrini ya simu. Hapo unatupa zaidi ya theluthi mbili ya picha. Baba mdogo hayupo. Shangazi limebaki bega. Na shangazi alishafariki, wakuu, ile ndiyo picha pekee aliyopiga na kaka zake wote. Angeiacha na upana wake, juu na chini pakawa peusi, nani angelalamika?

Salamu za dada yetu mwishoni hazisikiki, muziki uko juu vilevile kama mwanzo. Kuushusha desibeli 12 au 15 wakati mtu anaongea ni kazi ya dakika moja. Wimbo nao umekatwa katikati ya neno kwa sababu dakika 3 zimeisha. Hata kuufifisha hakuufifisha.

Jana usiku nimekaa mwenyewe na programu ya bure, sijawahi kuhariri maishani. Nimetumia klipu 22, nyingine nimeziacha. Kwenye kicheko nimezima muziki kabisa, sekunde zote 11, anasikika yeye peke yake, kisha wimbo unarudi pale anapomaliza kujifuta macho. Mama ameiangalia akaniomba nirudishe nyuma.

Sasa nadai vitu viwili: faili la mradi, yaani lile la kazi yenyewe linalofunguka kwenye programu ya kuhariri, na zile kanda zetu 9 alizochukua ili azihamishie kwenye kompyuta. Leo siku ya sita, ujumbe anausoma na hajibu. Video yake pesa imeshakwenda, naiacha. Kanda siziachi. Aliyewahi kukwama na mtu wa hivi akafanikiwa kurudishiwa mali yake, aniambie alianzia wapi.