Tableti ya Android: niipandishe Windows kamili au niache?

Mlima_Kelele: Wakuu, salaam. Nina tableti ya Android, kioo inchi 11, RAM GB 8. Programu yangu ya hesabu ni ya Windows, na nimechoka kubeba mashine mbili. Tableti za siku hizi zina nguvu kuzidi laptop nyingi za zamani, kwa nini tubanwe na mfumo wa simu? Nataka kufuta Android nipandishe Windows kamili, ila ripoti zangu zote zimo humo na roho inanidunda. Naombeni ushauri.

Bisibisi: Prosesa gani? Kama ni ARM, zile prosesa za aina ya simu, Windows ya kompyuta za Intel haipandi hata uipigie magoti. Windows ya ARM ipo, ila lazima awepo mtu aliyeandika draiva, yaani programu za kuendesha vifaa vya chombo hichohicho: kioo cha kugusa, waifai, sauti. Bila hizo utabaki na taa ya mezani.

Shangazi_Kibodi: Mwanangu, mimi ninayo tableti yenye Windows kamili. Kufunga dirisha kwa kidole ni kazi! Nalenga alama ya kufunga, dirisha linatanuka. Narudia, linashuka chini. Siku hizi situmii bila kalamu yake, na kalamu yenyewe kila mara iko chini ya kochi.

Jicho_la_Tatu: Tableti yenye Windows, kibodi, kipanya na stendi inaitwa laptop. Karibu.

Kalamu_Wino: Nguvu si hoja. iPad Pro ya 2021 ilipewa chipu ya M1, ileile ya MacBook Air, na Apple hawakuipa macOS, mfumo wa kompyuta za Mac. iPadOS 26 ya 2025 imeleta madirisha na menyu ya juu, lakini programu za Mac bado haziingii. Upande wa pili, Surface RT, tableti ya Microsoft ya 2012, ilikuwa na sura ya Windows ila programu za zamani iligoma nazo, na mwaka 2013 Microsoft wakaandika hasara ya dola milioni 900. Ukiniuliza mimi, mwenye chombo aachiwe achague mfumo.

Bisibisi: Mleta uzi, prosesa hujajibu. Na bootloda, ile programu ndogo inayowasha mfumo, umeifungua?

Mlima_Kelele: Ni ARM. Bootloda nimeshafungua. Halafu msianze kelele: tableti ni ya ofisi, lakini naitumia peke yangu, na hiyo programu ni kwa kazi yao haohao. Ubaya uko wapi?

Mama_Busara: Ubaya ni kwamba si yako! Umeshachinja ndiyo unauliza kama ni halali?

Kipanya_Kimya: Acha Windows ikae kwenye kompyuta ya ofisi, wewe iingie kwa mbali kupitia tableti. Android inabaki salama na hakuna draiva ya kutafuta.

Mlima_Kelele: Mtandao ukikatika je? Mimi nataka kitu kikae ndani.

Karani_Mstaafu: Ngojeni kwanza. Kufungua bootloda hufuta kila kitu kilichomo. Sasa hizo ripoti zinazomdundisha roho zimebakije? Na tableti ya ofisi yenye usimamizi kwa kawaida hata kile kitufe cha kuruhusu kufungua huwa kimezimwa. Hii chai.

Jicho_la_Tatu: Chai yenyewe haina hata tangawizi.

Mlima_Kelele: Ripoti ziko kwenye memori kadi, haiguswi! Na ofisi yetu ndogo, hatuna hao wasimamizi.

Karani_Mstaafu: Mwanzo ulisema "zimo humo". Haya, izime uiwashe, utupigie picha. Bootloda ikiwa wazi, onyo hutokea kabla mfumo haujapanda.

Shangazi_Kibodi: Mwacheni mtoto wa watu. Kipanya_Kimya, hiyo ya kuingia kwa mbali mimi naiweza?

Kipanya_Kimya: Unaiweza, shangazi. Kompyuta iwe imewaka tu, isilale.

Mlima_Kelele: Picha nitaleta, iko kwenye chaji. Hiyo ya kwa mbali, kidole kinatosha au mpaka ninunue kipanya?